Tulihukumu Kabla ya Kuuliza

Wazee wetu walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sisi walimu twapenda sana kuwaambia wanafunzi maneno hayo, tukidhani kuwa yanawahusu wao tu. Leo twataka kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Uvira. Lilianza na mchezo wa watoto katika kompyuta moja kuukuu, likaishia kwa sisi kusimama mbele ya shule nzima na kuomba radhi. Tutaeleza pia, kadiri tuwezavyo, ugonjwa wenyewe wa ile mashine na dawa yake, maana mashine za namna ile zimo katika shule na nyumba nyingi za pwani hii ya Tanganyika, nazo huugua ugonjwa uleule.

Mwaka 2021 shule tunayofundisha ilipata kompyuta moja ya mezani, iliyokwisha kutumika ng'ambo miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Ilivuka mpaka wa Kavimvira juu ya pikipiki, imefungwa katika blanketi kama mgonjwa apelekwaye hospitali. Ndani yake mlikuwa na kadi ya picha, yaani kile kibao kinachofanya kazi ya kuchora yote yaonekanayo katika kioo. Siku za juma ilitumika kwa masomo. Siku ya Jumamosi, mwanafunzi aliyefanya kazi zake vizuri alipewa dakika kumi za kucheza. Mchezo uliopendwa ni ule uitwao SuperTuxKart, mashindano ya vigari yaendeshwayo na ngwini na wenzake, ambao hutolewa bure kwa watu wote. Aliyeuleta katika flashi yake alikuwa kijana mmoja wa mwaka wa tano, ambaye aliteremka kutoka milima ya Mulenge kuja kusoma mjini, akikaa kwa mjomba wake.

Kijana huyo hakuwa msemaji sana, lakini alikuwa na macho ya kuona na masikio ya kusikia. Siku chache kabla ya likizo ya Noeli alitujia akasema, "Mwalimu, siku hizi mashine yavuma kama nyuki waliochokozwa. Je, hatuwezi kuifungua tukaitazama ndani?" Tulikuwa tukisahihisha mitihani, wala hatukuinua kichwa. Tukamjibu, "Mwanangu, shughulika na hesabu zako." Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda zake.

Shule ilipofungwa tuliichukua mashine tukaiweka nyumbani kwetu kwa kuogopa wezi. Januari ilipofika tukairudisha. Jumamosi ya kwanza mtoto wa kwanza aliketi kucheza, na kabla dakika tatu hazijatimia kioo kikawa cheusi, kama taa iliyopulizwa. Tukangoja kidogo. Kioo kikarudi, lakini mchezo ulikuwa umetoweka, na pembeni palikuwa na maneno ya Kifaransa yaliyosema kwamba draiva ya picha iliacha kujibu, na sasa imepona. Tukaufungua mchezo tena, ukaanguka tena. Mara ya nne watoto wakaanza kunung'unika.

Ndipo sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Ni ile flashi ya yule wa milimani. Imeleta virusi." Wengine wakaitikia. Twajua sote jinsi ilivyo desturi ya wanadamu: kitu kikiharibika, mgeni huwa wa kwanza kutajwa. Mwalimu ndiye aliyepaswa kuinyamazisha sauti ile. Lakini sisi tuliisikiliza, kwa kuwa ilitupa jibu upesi, na jibu la upesi ni tamu. Tukamwita kijana mbele ya wenzake, tukamkataza kuingia katika chumba cha kompyuta mpaka tutakapomwambia. Akasema kwa upole, "Mwalimu, tangu siku ya kufunga shule mimi nilikuwa nyumbani, Mulenge. Sikuigusa." Tukamjibu, "Virusi vya kompyuta havihitaji mwenyewe awepo." Watoto wakacheka, na sisi, twaona haya kuandika hivi, tulijisifu moyoni kwa kujibu vizuri namna ile.

Tangu siku hiyo wenzake walimwita "Virusi". Walimwita hivyo uwanjani, njiani, na hata kisimani.

Basi tukaanza kuitibu mashine. Tuliufuta mchezo tukauingiza upya, haikufaa. Tuliiacha mashine ijichunguze usiku kucha kwa programu ya kutafuta virusi. Asubuhi ikatuambia kwamba haikuona hata kimoja. Mtu mwenye akili angalisimama hapo na kujiuliza, kama virusi havimo, je, yule kijana ana kosa gani? Sisi hatukujiuliza. Tulisema tu kwamba virusi vyenyewe ni vijanja. Mtu akishaamua, hata ushahidi wa kumpinga huugeuza ukawa wa kumuunga mkono.

Jumamosi nne zilipita. Hatimaye tuliibeba mashine mpaka Mulongwe, kwa fundi mmoja mzee ambaye zamani alitengeneza redio, na siku hizi hutengeneza simu na kompyuta. Tukamwambia, "Fundi, mashine yetu imeambukizwa." Akatutazama juu ya miwani yake, akauliza, "Mwalimu, ilianza siku gani?" Hatukujua siku hasa. "Kabla ya siku hiyo kulibadilika nini?" Hatukujua. "Huanguka baada ya muda gani, na je, huanguka katika mchezo huu tu au na mwingine?" Hatukuwa tumepima wala kujaribu. Fundi akacheka kidogo, akasema, "Ninyi walimu huandika kila siku ni mtoto gani yupo na ni yupi hayupo. Na mashine, hamkuiandikia kitu?"

Hapo alituketisha juu ya kigoda akatueleza mambo ambayo nasi twawaeleza ninyi.

Mchezo hauijui kadi ya picha. Husema tu, "Chora barabara, chora mti, chora gari." Kadi nayo haielewi maneno hayo jinsi yalivyo, maana kila aina ya kadi ina maumbile yake. Kati yao husimama programu iitwayo draiva, na kwa Kifaransa huitwa kwa jina lilelile la rubani. Fikirini chombo kigeni kinachotaka kuingia bandari ya Kalundu. Nahodha aijua shehena yake, lakini miamba na maji mafupi ya mahali pale ajuaye ni rubani. Ukimleta rubani wa Kigoma, hata akiwa hodari namna gani kwao, kwetu aweza kukipandisha chombo mchangani. Ndivyo ilivyo draiva isiyolingana na kadi yake: si mbovu, ila bandari siyo yake.

Na yale maneno ya kwamba draiva iliacha kujibu, hayo ni taarifa ya mlinzi. Tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa watu wote Januari 2007, mfumo wa Windows huiangalia kadi ya picha kila wakati. Kadi ikipewa kazi na isijibu kwa muda wa sekunde 2, mfumo huihesabu kuwa imezimia. Huiamsha kwa nguvu na kuianzisha upya pamoja na draiva yake. Ndiyo sababu kioo huwa cheusi kisha hurudi. Mchezo uliokuwa ukiitegemea kadi hujikuta umenyang'anywa vyote ulivyokwisha kuchora, na michezo mingi hufa papo hapo. Kabla ya mlinzi huyo kuwekwa, mashine nzima iliganda, na mtu hakuwa na la kufanya ila kuizima. Kwa hiyo maneno yale ni kama homa, nayo homa yaweza kutoka na malaria, na kidonda, na mafua. Fundi alituonya juu ya wale wanaoshauri kuuongeza ule muda wa sekunde 2 ili taarifa isitokee upesi. Akasema, "Hiyo ni sawa na kumwambia mlinzi alale. Mwizi bado yumo."

Akaendelea kutueleza kwamba draiva ina nguvu kubwa kwa sababu sehemu yake hufanya kazi katika kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa dogo huangusha mengi. Mambo ya dunia yalimthibitishia neno lake. Hati za kesi moja huko Marekani zilizotolewa mwaka 2008 zilionyesha kwamba, katika ajali za Windows Vista zilizoandikwa na Microsoft mwaka 2007, karibu 29 katika kila 100 zilihusishwa na draiva za Nvidia, kampuni kubwa ya kadi za picha. Na tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, ambayo nayo hukaa katika kiini hicho, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na ndege nyingi zikashindwa kuruka siku ile. Ikiwa wakubwa hao huanguka, si ajabu kompyuta ya shule ya Uvira ikianguka.

Kisha fundi alifungua mahali ambapo sisi hatukuwahi kupafungua: daftari la matukio, ambalo Windows huliandika yenyewe siku zote, mtu akitaka asitake. Akatafuta namba 4101, ndiyo namba ya taarifa ile ya draiva. Akashuka nayo mpaka mwanzo, akaweka kidole chake kiooni. Taarifa ya kwanza kabisa ilikuwa ya tarehe 28 Desemba 2021, saa tatu ya usiku. Akafungua ukurasa wa kadi ya picha. Palikuwa na maandishi kwamba draiva mpya iliingizwa tarehe 27 Desemba.

Wasomaji wapenzi, tarehe 28 Desemba mashine ile ilikuwa wapi? Ilikuwa sebuleni kwetu. Na kijana yule alikuwa wapi? Alikuwa Mulenge, juu mlimani, kama alivyotuambia. Tukakumbuka kwamba tarehe 27 tuliiunganisha kompyuta na intaneti ya simu yetu ili tutafute karatasi za mitihani ya zamani. Mashine ilipoonja intaneti ikajiletea masasisho, na kati ya hayo draiva nyingine ya picha. Ilipotuuliza kama tukubali, tulibonyeza "Ndiyo" bila ya kusoma, maana tulikuwa na haraka. Kesho yake usiku watoto wetu walikuwa wakicheza, tukawasikia wakipiga kelele kwamba kioo kimezima. Tukasema kutoka chumbani, "Ni umeme tu, laleni." Ushahidi wote ulikuwa nyumbani mwetu tangu siku ya kwanza, nasi tulikwenda kuutafuta katika flashi ya mtoto wa mwenzetu.

Fundi hakujua sababu ya sisi kunyamaza. Yeye aliendelea na kazi yake, nasi tukaiandika kwa utaratibu, ili anayetaka aufuate.

Kwanza, kabla ya kufanya lolote, andika maneno ya kosa jinsi yalivyo, na siku, na saa, na jambo ulilokuwa ukilifanya. Jaribu na mchezo mwingine. Ukianguka mmoja tu, ushuku mchezo. Ikianguka yote, ushuku draiva au mashine.

Pili, linganisha siku ya kosa la kwanza na siku ya draiva. Zikikaribiana, katika ukurasa wa kadi ya picha mna kitufe cha kuirudisha draiva ya awali. Mara nyingi hicho peke yake chatosha.

Tatu, kisipotosha, iondoe draiva kabisa. Ikate mashine na intaneti kwanza, isije ikajiletea tena ile uliyoitoa. Iwashe katika hali ya usalama, ambamo mfumo huamka na vitu vichache tu. Ipo programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller, ambayo hufagia mabaki yote. Kisha ingiza draiva iliyotoka kwa mtengenezaji wa kadi mwenyewe, yenye namba ya kadi yako hasa. Kadi ikiwa kongwe, usitamani draiva mpya kuliko zote. Mtengenezaji huacha kuzihudumia kadi za zamani, na ile ya mwisho aliyoitoa kwa ajili yake ndiyo yake. Jihadhari pia na programu zinazoahidi kukutafutia draiva zote kwa mara moja. Nyingi huleta mashaka kuliko msaada.

Nne, badilisha jambo moja tu kila mara, kisha jaribu. Ukibadilisha matatu kwa pamoja na mashine ikapona, hujui ni lipi lililoiponya. Na ikizidi kuugua, hujui ni lipi lililoidhuru.

Mafaili ya draiva huwa makubwa, nayo kwa bei ya intaneti ya kwetu ni mzigo. Fundi alikuwa ameziweka nyingi katika diski yake kwa miaka, akatupa iliyotufaa. Mchezo ukafunguka. Dakika tatu zikapita, zikapita kumi. Tukafurahi. Lakini fundi akasema tuuache uende saa nzima. Baada ya nusu saa, kioo kikawa cheusi.

Tulikata tamaa, lakini yeye hapana. Akasema, "Sasa huanguka baada ya nusu saa, wala si baada ya dakika tatu. Huu ni ugonjwa wa pili, na ule wa kwanza ulikuwa umeuficha. Je, hamkusikia mashine ikivuma?"

Sisi hatukusikia. Aliyesikia alikuwapo, tena alituambia, nasi tulimrudisha kwenye hesabu zake.

Siku ya Jumatatu, baada ya kupandisha bendera, tulimwita yule kijana mbele ya mistari ya wanafunzi, mahali palepale pa hadhara, kwa kuwa aibu aliyopewa mbele ya watu haiwezi kufutwa kwa siri ofisini. Tukasema kwamba tulimhukumu bila ya kumsikiliza. Kwamba aliyeiharibu mashine ni mwalimu mwenyewe kwa haraka yake. Na kwamba jina aliloitwa lilitokana na neno letu, nasi twaomba radhi. Kiwanja kilikuwa kimya. Kijana alitazama chini, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, basi sasa tutaitazama ile feni?"

Tuliitazama Jumamosi iliyofuata. Fundi alikuja mwenyewe. Mashine ikazimwa, waya wa umeme ukachomolewa, na kijana akashika bisibisi. Feni ya kadi ilikuwa imevikwa vumbi la kiangazi la bonde la Ruzizi, limeshikana kama kitambaa. Akalitoa kwa brashi laini, akiizuia feni kwa kidole isizunguke. Akapangusa ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka kama udongo, fundi akampa nyingine ya kupaka. Akaikandamiza kadi katika nafasi yake, kwa kuwa safari za pikipiki huweza kuilegeza. Windows 10, tangu toleo la Mei 2020, huweza kuonyesha joto la kadi nyingi za picha za namna hii katika ukurasa wa kazi zinazoendelea. Kabla ya kusafisha tulikuwa tumeona namba imepita 90. Baada ya kusafisha mchezo ulikwenda saa nzima, namba haikufika 75.

Kadi ilipokuwa nje, fundi aliwaonyesha watoto vile vitone ving'aavyo vinavyoshika vipande vyake. Akawaambia kwamba ile ni lehemu, na kwamba lehemu ya siku hizi karibu yote ni bati. Bati hutoka katika kasiteriti, nayo huchimbwa katika vilima vya Kivu yetu. Watoto wakainama kutazama. Tangu hapo hakuna aliyesema tena kwamba kompyuta ni kitu cha Wazungu.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yalirudi kama zamani. Draiva hurudishwa kwa kitufe. Neno lililotoka kinywani halina kitufe cha kulirudisha. Jina lile la "Virusi" lilikaa miezi mingi baada ya sisi kulifuta, na mara moja tulilisikia likitajwa sokoni na mtu asiyejua hata asili yake. Jumamosi zile nne, alizoketi nje ya mlango akisikia wenzake wakicheka ndani, hatuna namna ya kumlipa.

Mashine ile bado inafanya kazi. Huduma ya Microsoft kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hatuiunganishi na intaneti ila kwa lazima, na kila mwisho wa kiangazi huipanguswa vumbi. Kando yake pana daftari la mkono. Lina safu nne: siku, saa, jambo lililoonekana, jambo lililobadilishwa. Aliyelipiga mistari ni kijana yule, kabla ya kumaliza masomo yake. Safu ya kuandika ni nani aliyekosa haimo, wala hatukumwuliza kwa nini aliiacha.